Ukuta wa Shemeji Laini

Shemeji yangu ni fundi rangi, na mtaa mzima humwita Laini, kwa sababu hatulii mpaka ukuta wake uwe laini kama shavu la mtoto mchanga. Nampenda, na kumchokoza ni haki yangu: kamuoa dada yangu.

Ila safari hii utani ulikosa chumvi. Dada alikuwa amembeba mtoto akahamia kwa mama. Ukungu mweusi ulikuwa umeota nyuma ya kabati la chumbani, na kila mara mtoto akilala mle alikuwa anakohoa hadi machozi. Dada alisema harudi mpaka ukungu utoke. Akanituma mimi nikakague, maana kwetu mwenye pua ni mimi.

Nilimkuta Laini anaosha brashi, uso umekunjuka. Ukuta mweupe pe. Nikasogeza pua. Chini ya harufu ya rangi mpya kulikuwa na ile ya soksi mbichi iliyosahauliwa ndani ya kiatu.

"Shemeji," nikamwambia, "hujautoa. Umeuvalisha shati jeupe."

Alibisha, lakini wiki haikuisha madoa yakachungulia kwenye rangi. Akaniita nikamsaidie, sauti imeshuka.

Safari hii akaja na akili nyingine. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ni kali, dawa ya choo ni kali, je, zikiungana? Akamimina kifuniko cha hii na kifuniko cha ile kwenye kopo moja, dirisha kalifunga ili nguvu isipotee. Kweli haikupotea. Macho yakawaka, koo likabana, tukakwama mlangoni bega kwa bega, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa kumsukuma. Wenye nyumba tukawa nje, ukungu ukabaki ndani.

Jirani yake nesi alitukuta uani tunakohoa. Akatusema bila kutuonea haya. Dawa hizo hazichanganywi kamwe, zinatoa hewa ya sumu. Tusiingie mpaka yote itoke, na kifua kikiendelea kubana twende hospitali. Kwa ukuta ule maji na sabuni vingetosha, mradi tufungue madirisha, tuvae glavu na barakoa, na tuuloweshe kabla ya kusugua ili vumbi la ukungu lisiruke. Halafu akauliza unyevu wenyewe unatoka wapi, maana tusipouzuia tutasugua mpaka uzeeni.

Tukatafuta. Paa kavu, bomba kavu. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaona juu ya dirisha matundu ya hewa yamejipanga vizuri. Nikarudi ndani: hakuna hata moja.

"Shemeji, yale matundu yanaishia wapi?"

Laini akakohoa, na safari hii haikuwa dawa. Aliyaziba mwenyewe walipohamia, kwa sababu yalikuwa yanamharibia ukuta. Tangu hapo watu watatu wanapumua mle, na mvua ikinyesha nguo za mtoto zinaanikwa mle mle.

Kuyazibua ilibidi avunje ukuta wake bora kuliko zote. Aligonga patasi taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Kisha tukaosha, tukakausha, tukatupa ubao wa nyuma wa kabati uliooza, na kabati lenyewe tukalitenga na ukuta. Kamba ya nguo ikahamia barazani.

Dada alikuja mchana, mtoto begani. Laini alisimama mbele ya ukuta kama mtu aliyefumaniwa anaoga.

"Mama Mtoto, usiangalie kwanza. Nikipaka kidogo tu hapa…"

"Ukishika brashi naondoka."

Akaficha mikono nyuma. Dada akatandika shuka, akamlaza mtoto. Tukasimama sote tunasikiliza. Mtoto akageuka ubavu, akakoroma kidogo. Akaendelea kulala, hakukohoa.

Laini aliyatazama matundu yake yenye kingo za kumeguka, akanong'ona kuomba ruhusa ya kulainisha kingo tu. Dada alivua viatu, akajilaza kando ya mwanawe, akatuambia tutoke na mlango tuuache wazi.