Kiwete wa Ng'ambo ya Mto

Kwa desturi yetu mama wa bwana arusi haendi na wazee kuposa. Nilikwenda kwa sababu gari ni langu, na mjomba wangu, Balozi Lulseged, hajui kuendesha. Serikali tatu zilimpa dereva.

Serikali hizo zilianguka, yeye hakuanguka. Sifa yake kubwa ni mkataba wa visima. Watu wa mpakani walikuwa wanauana kwa sababu ya maji, naye akawapatanisha kwa wosia wa mchungaji mmoja wa zamani, aliyewaachia visima wanawe wawili, mmoja kila upande wa mpaka. Wanangu nimewalea kwa hadithi hiyo.

Basi tukasimama sebuleni kwa Ato Demissew, baba yake Meklit, binti tuliyekwenda kumposa, wazee watatu mbele na mimi mlangoni. Hakuna kuketi kabla ya jibu.

"Balozi, wewe kusimama umezoea, kila siku mapokezi!" Demissew akacheka. "Haya, tuhesabu mababu. Vizazi saba, damu ikigongana hakuna ndoa."

Mjomba akataja mababu wa mwanangu Nahom, upande wangu. Alipofika wa sita, Habtewold wa Menz, kicheko cha Demissew kikakatika.

"Wa sita wa Meklit naye ni Habtewold wa Menz."

Miaka minne watoto hawa wanapendana, kumbe ndugu! Jikoni Meklit alikuwa akikaanga kahawa. Nikasikia kikaangio kimenyamaza.

Mjomba hakupepesa jicho. Alimgeukia mama yake Demissew, Bibi Atsede, aliyekaa pembeni na rozari yake.

"Mama, wa kwetu alikuwa kiwete. Alianguka kutoka paa la kanisa. Na wa kwenu?"

Bibi alimtazama, akamtazama tena.

"Wetu alikuwa mzima, alikwenda vitani kwa miguu. Kiwete ni yule wa ng'ambo ya mto. Bibi yangu alinionyesha kaburi lake."

"Ketini basi, jamani, ketini!" Demissew alifuta jasho. Kikaangio kikaanza tena.

Garini, tulipokwisha kuwashusha wale wazee wawili, nilimlaumu. "Mjomba, mbona hukuwahi kuniambia habari za huyo kiwete?"

"Ningekuambia lini? Nimemtunga palepale."

Nilikanyaga breki katikati ya barabara. Lori likatupigia honi.

"Lakini bibi ameliona kaburi!"

"Yeshi, mwanangu, ndiyo maana nilimuuliza yeye. Naye anaitaka harusi hii."

"Na kama Habtewold ni mmoja?"

"Basi wana babu mmoja aliyekufa kabla ya reli kujengwa. Endesha."

Niliendesha. Nilikuwa na swali jingine, nikaliogopa, halafu likanitoka.

"Na mchungaji wa visima?"

Aligeuza uso dirishani.

"Wale watu wanakunywa maji mpaka leo," akasema.

Nahom alikuwa getini, mikono kichwani. "Mama, wamesemaje?"

Wanangu nimewachapa kwa uongo mdogo kuliko huu. Nilishuka, nikaubamiza mlango wa gari.

"Wamekubali. Na ukiulizwa, babu yetu alikuwa kiwete. Alianguka kutoka paa la kanisa."