Viumbe Kwenye Hadubini ya Nkirote

Mara mbili Sadiyo alikuwa amemeza vidonge vya kliniki, na mara mbili ule mwasho ukarudi, pamoja na uchafu wa manjano wenye harufu ambayo mwanamke hawezi kumsimulia hata dada yake. Katikati alifanya yote aliyofunzwa na mama yake. Alichemsha manemane akakalia maji yake, akajifukiza ubani mpaka machozi yakamtoka, akanywa maziwa ya ngamia asubuhi na jioni. Manemane yalimpoza, tusiyaonee. Lakini siku ya tatu, wallahi, anajikuna tena!

Na sasa Adow amejua. Adow ni mumewe, mchuuzi wa ngamia, mtu wa kwenda Hadado, mbali kaskazini, na kurudi na mifugo ya kuuza Garissa. Safari hii alikaa nyumbani kwao, mtaani Iftin, siku mbili tu, akagundua. "Ikiwa ni ugonjwa wa umalaya," alimwambia, "talaka yako nitakupa mbele ya wazee." Sadiyo, ambaye tangu aolewe hajamtazama mwanamume mwingine hata kwa bahati mbaya, alimwambia waende kliniki pamoja. Ndiyo maana leo wameketi wote wawili mbele ya Nkirote, tabibu wa kliniki, binti wa Kimeru aliyeletwa huku na serikali na ambaye mpaka leo hajalizoea joto.

"Mimi nataka kuona na macho," Adow alisema. "Maneno ya karatasi sitaki."

"Utaona, mzee," Nkirote akamjibu.

Alimwingiza Sadiyo nyuma ya pazia, akachukua uchafu kidogo kwa pamba, akaupaka kwenye kigae cha kioo pamoja na tone la maji ya chumvi, akakimbia nacho dirishani penye hadubini. "Haraka," alisema. "Wakipoa hawachezi."

Wakipoa? Akina nani hao? Sadiyo aliinama kwenye hadubini. Mwanzo aliona ukungu mtupu. Nkirote akazungusha kitu kidogo pembeni, na jamani! Laa ilaaha illallah! Kulikuwa na umati mle ndani. Viumbe vyeupe, angavu, vyenye umbo la tone la maji na mikia myembamba, vinajirusha, vinazunguka, vinagongana, kila kimoja kina haraka zake. Sadiyo alisahau aibu, akasahau talaka. Miezi yote hiyo alidhani ni jicho la watu, kumbe ni wanyama wazima wenye uhai, walioumbwa na yule yule aliyemuumba yeye, na wameishi ndani yake bila hodi.

"Mbona wazuri hivi!" aliropoka, kisha akajiziba mdomo.

Adow naye akainama. Kofia ikamdondoka, asiiokote. Alikifuata kimoja kwa jicho mpaka kikapotea, akafuata kingine, kama anayehesabu mifugo sokoni.

"Subhanallah," alinong'ona. "Hii yote iko ndani ya bibi yangu?"

"Na ndani yako," Nkirote akasema. "Huu ugonjwa hupita kwa tendo la ndoa. Mwanamume huwabeba hawa bila kuhisi chochote. Mkeo akipona, wewe unamrudishia. Mara mbili umemrudishia."

"Na manemane, na moshi wa ubani?" Sadiyo aliuliza.

"Osha nayo kwa nje tu, yatakutuliza. Usimimine ndani, na ule moshi uache, unakuunguza bure. Lakini hayawaui hawa. Kinachowaua ni vidonge, mmeze wote siku moja, na msikutane wiki nzima."

Adow bado alikuwa na jicho kwenye kioo. "Ni kama upele ya ngamia," alisema, na sauti yake ikapata ile fahari ya mtu anayeijua kazi yake. "Ngamia moja ikishika, mimi sipaki dawa hiyo peke yake. Wote wenye wamelala pamoja napaka, hata yenye ngozi safi. Ukiacha moja, umefanya kazi bure..."

Alipoinua uso, jasho lilikuwa linamtiririka.

"Nipe dawa ya watu tatu," alisema.

Nkirote aliacha kuandika. Sadiyo alimhesabu Adow, akajihesabu yeye, akamkosa wa tatu.

"Nani?" Sadiyo akamuuliza.

"Ramlo. Yuko Hadado. Nilimwoa mwaka juzi, nikaogopa kukwambia."

Huyu! Huyu huyu aliyetaka kuwaita wazee! Hasira ilimpanda Sadiyo mpaka masikio yakamvuma, na mkono ukamwasha kumzaba kofi hapo hapo. Lakini vile viumbe bado vilikuwa vinacheza machoni pake, akamwona mwanamke mwingine asiyemjua, amejifunika juu ya chetezo cha ubani, analaumu jicho la watu.

"Na yeye anawashwa?"

"Analia kila nikienda."

"Na wewe humwambia nini?"

Adow aliinama akaitafuta kofia yake sakafuni, ingawa ilikuwa mbele ya viatu vyake.

"Nilimwambia nitampa talaka."

Nkirote aliweka bahasha tatu mezani. Adow alinyoosha mkono, lakini Sadiyo alimtangulia. Aliichukua ya tatu, akaifunga kwenye pindo la mtandio wake.

"Hii nitaipeleka mimi," alisema. "Wewe kazi yako ni kunionyesha nyumba yake."