Gitaa la Katikati

Karakana ya mjomba wake Gundi ilijua magitaa ya aina mbili tu. Mlangoni yalining'inia ya rahisi, plaiwudi mwili mzima, yanayonunuliwa kwa pupa na kurudi baada ya miezi sita yakiwa yamevimba kifua. Ndani ya kabati la kioo yalikaa ya ghali, matatu tu, kila moja likiwa na ua lililochongwa kwa kombe la chaza kuzunguka tundu la sauti. Ua moja lilimchukua Mjomba siku nne, naye alilichonga akiwa ameziba masikio kwa pamba ili asisemeshwe. Kati ya mlango na kabati hapakuwa na kitu, isipokuwa meza ya Gundi.

Jina hilo alibandikwa akiwa na miaka saba, siku alipogandisha kiganja kwenye shingo ya gitaa na kukataa katakata kubanduliwa mpaka afundishwe kulipiga. Sasa ana thelathini na miwili, fundi kamili, na kazi yake ni kuyatibu yale yanayorudi. Alikuwa na mtindo wake. Kila kipande kibovu alichong'oa alikiandika kwa penseli ugonjwa uliokiua, kisha akakitupa kwenye debe chini ya meza. Daraja la nyuzi: liling'oka kwa joto. Shingo: nene, vidole vya mwenyewe havifiki. Miaka tisa ya debe hilo ilimfanya alione gitaa analolitaka hata akiwa anaoga.

Kifua kiwe cha ubao mzima wa msonobari, maana sauti inatoka hapo. Mgongo na mbavu ziwe plaiwudi nzuri, kwani nani amewahi kuusikiliza mgongo? Shingo nyembamba, nyuzi zikae chini zisimkate mtu vidole, na masikio ya kukazia nyuzi yasiwe yale yanayolegea wimbo ukiwa katikati. Pambo lisiwepo hata moja, kwa sababu ua la Mjomba ndilo lililokuwa likipandisha bei mpaka darini.

Sasa mwenye duka la vyombo vya muziki alikuwa ametuma ujumbe kwamba Jumamosi atapita. Anataka gitaa ambalo mwalimu au nesi atalinunua bila kuuza kitanda chake, na asipolipata harudi tena. Mjomba naye alikwisha kusema, bila kupepesa macho, kwamba mtu huyo akiondoka mikono mitupu, karakana inageuka ya makabati. Gundi alijiona akipigilia droo misumari hadi uzeeni, roho ikamuuma. Akajifunga kibwebwe.

Jumatatu asubuhi mbavu na shingo vilikuwa tayari, na kifua kimepigwa randa hadi ukikigonga kwa kidole kinaitika. Akatoka mara moja kununua nyuzi. Aliporudi alimkuta Mjomba ameinama kwenye meza yake, pamba masikioni, kisu mkononi, ameshachimba mfereji mwembamba kuzunguka tundu la sauti. Ulikuwa mpaka wa ua.

Alimwendea, akamchomoa pamba ya sikio moja.

"Mjomba, umefanya nini?"

"Nakusaidia, mwanangu. Gitaa la hapa halitoki nje uso mtupu. Watu watasema nimezeeka."

Msonobari mwingine uliokauka haukuwepo, na Mjomba alilijua hilo. Akaapa kwamba Ijumaa ua litakuwa limekamilika, zuri kuliko yote. Hapo ndipo Gundi alipopandwa na hasira kabisa, kwa kuwa lingekuwa zuri kweli, na lingekwenda moja kwa moja kukaa la nne kabatini. Alimpenda mzee huyu kuliko alivyowahi kumwambia, lakini saa ile angempata mtu wa kumsaidia angemfungia stoo.

"Halitiwi ua," alisema. "Ukilitia, si lile tena."

Mjomba akaweka kisu chini, akaenda kukaa mlangoni na kumpa mgongo.

Gundi akalipindua debe. Akatoa ubavu mweusi wa gitaa lililokaliwa na shemeji wa mtu, akachana kijiti chembamba cha kuenea mfereji, akakilowesha, akakikunja kwenye lile bomba la chuma la moto wanalokunjia mbavu. Kikakatika. Mlangoni Mjomba akakohoa. Cha pili kikakatika, akakohoa tena, kwa raha kidogo. Cha tatu kikaungua. Akachana cha nne, akakikunja polepole huku amebana pumzi, na safari hii hakikulia. Mjomba aliposubiri asisikie kitu, aligeuka. Pete nyeusi ilikuwa imeshakaa ndani ya mfereji wake, na saa moja ilikuwa haijaisha.

Jumamosi mwenye duka alikuja na mkewe, mwalimu mwenye vidole vifupi, kwa sababu yeye mwenyewe alijua kuuza tu. Mwalimu akalipakata gitaa, akacheza kidogo, akafika pahali ambapo siku zote vidole vyake hukwama, akapita. Akarudia kuhakikisha. Mumewe yeye alikuwa ameliona kabati. Akauliza kama hili nalo haliwezi kutiwa ua kama yale, japo bei ipande kidogo.

Mjomba akafungua mdomo. Gundi alimwahi.

"Lenye ua liko kabatini," alimwambia mgeni. "Hili ni la mwalimu."

Mwenye duka alinyoosha mkono alichukue gitaa alitazame tena, lakini mkewe hakulitoa, aliendelea kulipiga. Mume akamtazama, akacheka, akaagiza ishirini ya namna ileile, na pete yake.

Walipoondoka, Mjomba alitoa pamba mfukoni, akaitupa ndani ya debe, akavuta kigoda mpaka kwenye meza ya Gundi. Akapitisha ukucha kwenye kimoja cha vile vijiti vilivyokatika.

"Mbavu nazikunja nimefumba macho," alisema hatimaye. "Maduara madogo hivi, miaka thelathini, yalinikatikia yote. Ndiyo maana nikaanza maua."

Gundi akawasha moto chini ya bomba, akamsogezea bakuli la maji.

"Vua saa, Mjomba," alisema. "Itaungua."