Kadi Iliyovaa Bahasha

Fundi Mizani hakuwa na kitabu cha sataranji. Hakuwa na mwalimu wa mchezo huo, wala farasi mweusi wa pili, ambaye alipotea zamani na nafasi yake ikachukuliwa na jiwe la mizani la gramu hamsini. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na cheti chochote isipokuwa kile cha shule ya jioni, alichokitundika juu ya meza ya kazi, mahali ambapo mteja hawezi kukikwepa. Na kitu kingine hakuwa nacho, ingawa ungemwambia hivyo angekununia mwezi mzima: hakuwa na moyo wa kuanza yeye.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani za maduka. Alizifungua, akazisafisha kutu, akazirekebisha mpaka sahani mbili zikae sawasawa. Aliipenda ile hali ya sahani kutulia. Zikilingana, hakuna wa kulaumiwa.

Sataranji aliicheza na baba wa mke wa mwanawe, dereva wa treni mstaafu aliyeishi mji mwingine. Waliitana Mkwe, wote wawili. Simu walikuwa nazo, lakini simu zilikuwa za salamu na habari za wagonjwa. Mchezo ulikwenda kwa kadi za posta, hatua moja kadi moja, kwa sababu wazee hao walipenda kitu cha kusubiri.

Safari hii Mkwe alikuwa na kete nyeupe. Alianza kwa kumsogeza askari upande wa malkia, na Fundi akamweka wake mkabala. Farasi akatoka, farasi akatoka. Askofu akajibanza pembeni, na mwenzake akajibanza vilevile. Ubao ukawa kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Ndipo Fundi akajiona mjanja, akaandika kadi: "Mkwe, tusiwatajirishe wa posta. Lolote utakalofanya upande wako, nihesabie nimelifanya upande wangu, mpaka nikwambie vinginevyo."

Mkwe akajibu: "Sawa. Kuanzia leo nacheza na kivuli changu." Tangu hapo kadi zake zikawa zinabeba hatua mbili tatu kwa mara moja.

Siku hizohizo mke wa mwanawe alikuja karakana, amemshika mkono mtoto wake wa kike. Mtoto huyo waliyemwita Kasuku alikuwa haachi kusema.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kasuku, leo huna habari?"

"Ninazo, Babu. Mama anataka kwenda shule na Baba amenuna."

Yule mama alimziba mtoto mdomo kwa kiganja, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Ndilo lililonileta, Baba. Nimepata nafasi shule ya jioni, nimalizie kidato nilichokiacha. Mwanao hataki. Anasema nani atakaa na mtoto, na mke gani anatoka nyumbani watu wakirudi. Nakuomba useme naye. Wewe atakusikia." Macho yake yalipanda ukutani, kwenye cheti. "Wewe mwenyewe ulisoma hivihivi."

Fundi akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani aliyokwisha kuifuta. "Hayo ni ya kwenu wawili, mwanangu. Mimi nikiingia nitaonekana nimeegemea upande."

"Na ukiegemea kwangu kuna ubaya gani?"

"Fundi mizani haegemei," alisema, akijaribu kuligeuza neno liwe mzaha.

Mzaha haukupata wa kuucheka. Yule mama akasema, "Asante, Baba," kama mtu anayemshukuru mwenye duka aliyemwambia sukari imekwisha. Haukupita muda akamchukua Kasuku na begi moja, akarudi kwa baba yake. Mwanawe Fundi akawa anawaambia majirani kwamba mkewe kaenda kusalimia.

Fundi alisubiri Mkwe aseme kitu. Aliogopa lawama, na alizitamani pia, maana lawama zingempa pa kuanzia. Kadi ikaja: hatua tu. Ikaja nyingine: hatua tu. Fundi akajisemea kwamba kama mwenzake amenyamaza, basi na yeye atanyamaza. Hata hilo aliliiga.

Kisha ikaja kadi iliyomnyima raha. Ubaoni, askari wa pembeni walikuwa wamekwisha kulana, huku na kule, sawasawa. Mkwe alikuwa amemtoa farasi wake wa pili, na chini ya hatua hiyo akaandika kwa herufi ndogo:

"Hapa nimesimama, Mkwe. Ahadi yako inasema na farasi wako atoke, lakini nakurudishia ahadi yako. Ukiendelea kuniiga, ipo siku nitafika mimi kwanza kwa mfalme, nawe mkono wako utakuwa umefungwa. Sitaki kumshinda mtu aliyejifunga kwa maneno yake. Tafuta mpango wako mwenyewe. Kasuku anakusalimu."

Aliisoma kwa sauti mezani, nyumbani. Mkewe alikuwa anashona kifungo cha shati.

"Muungwana yule," alisema mkewe. "Angeweza kukumaliza."

"Angeweza."

"Na wewe, binti yake ulimfanyia nini?"

"Mimi sikumfanyia kitu."

"Ndicho hicho ninachokuuliza, baba watoto."

Fundi akaigeuza kadi, akaangalia stempu kana kwamba kuna la kusoma pale.

"Ulipokuwa unasoma jioni," mkewe aliendelea, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "watoto walikaa na nani?"

"Na wewe."

"Basi nionyeshe cheti changu kimetundikwa ukuta gani." Akakata uzi kwa meno. "Shati lako hili. Vaa."

Asubuhi alifika karakana, akasogeza mizani ya muuza nyama pembeni, akautandaza ubao. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye lile jiwe la gramu hamsini, farasi aliyetakiwa kutoka ili kumwiga mwenzake. Alilisogeza, akalirudisha. Mkono ulikuwa umezoea vibaya. Miezi yote hiyo alikuwa akiuliza, "Yeye amefanya nini?" Hakuwahi kuuliza, "Mimi nataka nini?" Sasa alipouliza, alizitazama kete zake kama mgeni asiyejua choo kiko wapi.

Polepole akaanza kuona. Askari aliye mbele ya malkia angeweza kuruka hatua mbili, mpaka katikati. Moyo ukamwambia ataliwa na farasi mweupe. Akaijaribu: farasi akimla, malkia mweusi anamla farasi. Asipomla, askari huyo atapiga hatua nyingine na kumfukuza farasi huyohuyo mahali pake. Na kama Mkwe ataleta askari wake naye kuziba njia, basi askofu mweusi, ambaye mlango wake umefunguliwa na hatua hiyo, atatoka na kuikodolea macho ngome nyeupe ya upande wa pili. Itabidi Mkwe ndiye ajibu.

Fundi alicheka peke yake, pengo likaonekana. Nyeusi nayo ilikuwa na mambo yake ya kufanya. Ilikuwa nayo kwa muda wote aliokuwa akiiga.

Furaha hiyo haikumaliza kikombe cha chai. Aliinua macho, akakutana na cheti chake. Karakana aliifunga kila siku kabla jua halijazama. Jioni zake zote zilikuwa tupu; alizitumia kukaa kibarazani akimsubiri mtu wa posta wa kesho. Siku ile mama Kasuku aliposema mumewe anauliza nani atakaa na mtoto, babu mtu mzima mwenye jioni tupu alikuwa amesimama mbele yake, anafuta sahani safi. Hakuhitaji hata kugombana na mtu. Alihitaji kusema, "Mlete kwangu." Maneno mawili. Chai ikampoea mkononi.

Mchana mwanawe, fundi wa friji, aliingia kuazima bisibisi.

"Kaa," Fundi alimwambia.

"Nina mteja, Baba."

"Friji yake imekwisha kuharibika, haitakimbia. Mkeo atasoma."

Kijana alimtazama. "Leo umeamkia wapi? Si mke wangu mwenyewe aliniambia ulisema ni mambo yetu wawili?"

"Nilisema. Nilisema kwa kuogopa nikiegemea huku wewe utaninunia, nikiegemea kule mkeo atanisema. Nikajificha nyuma ya mizani."

"Na mtoto?"

"Jioni mtoto atakuwa kwangu. Nitamlisha, nitamsikiliza, ingawa kumsikiliza yule ni kazi kuliko kumlisha."

Mwanawe hakucheka. "Watu watasema nimeshindwa na mke wangu."

"Watu hao ndio unaowaambia kaenda kusalimia. Hawajakuamini hata siku moja." Fundi akampa bisibisi. "Sikupaswa kukuachia ufike hapa. Hilo ni langu, si lako peke yako. Lakini yanayobaki ni yako."

Kijana aliondoka bila kuaga. Bisibisi aliisahau mezani.

Fundi alitoa kadi ya posta, akaandika hatua yake. Kisha akaona kwamba yaliyobaki hayawezi kuandikwa mahali ambapo kila mtu wa posta atayasoma. Akachukua karatasi. Kwa Mkwe aliandika kwamba binti yake alimwomba msaada naye akamnyima, na kwamba ukimya wake haukuwa heshima. Kwa mama Kasuku aliandika mistari michache, akiipima kila mmoja: jioni zangu ni zako ukizitaka; juu ya mwanangu siwezi kukuahidi kitu; hata usiporudi kwake, shule usiiache kwa sababu yangu. Alitaka kuongeza kuhusu cheti chake, jinsi alivyokipata kwa taabu. Akaacha. Cheti kilikuwa kimeshasema vya kutosha ukutani pale. Vyote, kadi na barua, akavitia ndani ya bahasha moja.

Mama wa dirisha la posta alikuwa akiusoma mchezo wao tangu mwanzo, wala hakuwahi kuficha.

"Leo kadi imevaa nguo, mzee?"

"Leo inaona aibu."

"Sasa sisi tutaijuaje hatua?"

"Askari wa mbele ya malkia. Hatua mbili."

Yule mama alifikiri, kidole kikiwa hewani juu ya ubao asiokuwa nao. "Kwa hiyo hukumwiga."

"Sikumwiga."

Fundi alilamba gundi ya bahasha, akaikunja, akaikandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe hii hadi pembe ile, kama anavyokandamiza sahani kuona kama imekaa. Kisha akaipitisha chini ya kioo, na mama wa posta akaigonga muhuri na kuitupa kwenye mfuko wa barua.