Damu Tupu Kiooni

Yule daktari aliyeitwa Bingwa alikuwa na mikono mizuri, hilo hakuna anayelibishia. Alikuwa anakuingiza mpira mrefu mdomoni, unashuka hadi tumboni na kipimo cha mawimbi ya sauti kwenye ncha yake, na kutokea humo analichoma kongosho lako kwa sindano nyembamba, anavuta chembe za kupima, nawe umelala fofofo. Tatizo lake lilikuwa masikio. Haambiliki yule!

Aliyethubutu kumwambia alikuwa mmoja tu, mama wa maabara waliyemwita Mama Darubini. Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi: sindano ikitoka, yeye yuko palepale na meza yake ya magurudumu. Anapaka kilichonaswa kwenye kioo, anakichovya kwenye rangi, anachungulia, kisha anasema kama seli zimepatikana au bado. Kama bado, sindano inarudi mgonjwa akiwa hajazinduka. Siku moja, mbele ya madaktari wanafunzi sita, akasema, "Damu tupu hiyo, Daktari. Unavuta bomba la sindano kwa nguvu mno. Rudia." Bingwa akarudia. "Damu tupu," akasema tena. Wanafunzi wakakonyezana. Wiki iliyofuata mlango wa chumba cha Bingwa ukabandikwa tangazo: watu wa maabara wabaki maabara, sampuli wataletewa.

Weee! Mama Darubini alivyokasirika! Aliapa mbele ya muuguzi kwamba hata wakimvuta kwa winchi hakanyagi tena humo mpaka Bingwa aje mwenyewe kumbembeleza. "Watanitafuta," alisema. "Watanitafuta kwa tochi!"

Miezi mitatu ikapita, hakuna aliyemtafuta.

Asubuhi moja mwanamke mtu mzima akasimama kwenye dirisha la maabara, akagonga kioo kwa ufunguo mpaka watu wakageuka. Alikuwa dada mkubwa wa fundi makochi mmoja, na mkononi amekunja karatasi mbili za majibu.

"Salamu mtanisamehe, leo sina," alisema. "Mdogo wangu amekuwa njano mpaka ndani ya macho. Picha imeonyesha uvimbe kwenye kongosho. Wapasuaji wanasema huenda ni saratani, huenda ni uvimbe mwingine tu unaotibika kwa vidonge, hawamfungui mpaka wapate jibu la kipande cha nyama. Haya! Karatasi ya kwanza, sampuli haitoshi. Ya pili, sampuli haitoshi. Leo yuko mle ndani kwa mara ya tatu. Mnataka atobolewe mpaka awe chujio?"

Mama Darubini alizichukua zile karatasi, akaziona, na damu ikamchemka. Bingwa huyu! Kiapo akakitupilia mbali. Akapakia darubini, vioo na makopo yake ya rangi juu ya meza ya magurudumu, akaisukuma koridoni kwa kasi hata mfagiaji akaruka pembeni. Tangazo la mlangoni alilibandua kwa kucha, akaingia.

Fundi makochi alikuwa amelala ubavu, bado hajachomwa dawa ya usingizi. Shavu lake lilikuwa la njano na limebonyea.

"Karibu, mama," alisema. "Mimi nimeshika sindano miaka thelathini. Sijawahi kushona kiti mara mbili nikaambulia hewa."

Muuguzi alicheka, akajiziba mdomo.

"Nani amekuita?" Bingwa aliuliza.

"Hakuna. Wewe mlaze mtu, uchome."

Bingwa alifura, lakini mgonjwa alikuwa anawatazama. Fundi akalazwa usingizi, mpira ukashuka, sindano ikaingia na kutoka. Mama Darubini akapaka, akachovya, akachungulia.

"Damu tupu."

Sindano ikarudi.

"Damu tupu. Ondoa hilo bomba, Daktari, usivute kabisa! Iache sindano ipite polepole, na uigeuze pembe kila ukisukuma."

Bingwa alikaza taya, mshipa ukamtoka shingoni, kisha akafungua bomba, akamkabidhi muuguzi. Alichoma kama alivyoelekezwa.

Mama Darubini aliinamia darubini. Seli zilikuwepo, tena tele, zimebanana na kupandana, kubwa kwa ndogo, viini vimepinda. "Zipo!" akapiga kelele. "Saratani, haina ubishi!" Na tuseme ukweli, alifurahi. Miezi mitatu alikuwa akiingojea siku hiyo.

Bingwa alikuwa anakodolea skrini ya kile kipimo.

"Picha ya kwanza uvimbe ulikuwa mbali na mshipa mkubwa," alisema taratibu. "Sasa umeuzunguka."

"Maana yake?"

"Wapasuaji hawawezi kumfungua sasa. Tutazibua mrija wa nyongo, apewe dawa za kumpunguzia makali. Kupona, hapana."

"Ni wewe!" Mama Darubini alimnyooshea kidole chenye rangi ya zambarau. "Ni kiburi chako! Umemuua mtu kwa sababu ya wanafunzi sita!" Bingwa aliinamisha kichwa, na hilo likamzidishia mama hasira, maana alitaka wagombane.

Alitoka, akamkuta yule dada amesimama ukutani. Akamweleza yote bila kumung'unya, saratani, mshipa, na upasuaji usiowezekana tena. "Na mwenye kosa ni yule mle ndani," alimaliza. "Niko tayari kusimama popote nikamtaje."

Machozi yalimtoka dada, hakuyafuta.

"Ile sampuli ya kwanza ililetwa kwako?"

"Ndiyo."

"Ulipoiangalia, ulijua anakosea wapi?"

"Nilijua."

"Ukafanya nini?"

Mama Darubini aliikumbuka vizuri siku ile. Alimwita mwenzake wa meza ya pili aje achungulie, wakacheka, akasema, "Si niliwaambia?"

"Niliandika haitoshi," alisema.

"Na ya pili?"

"Niliandika haitoshi."

"Kutoka kwenye kiti chako mpaka mle ndani ni hatua ngapi?"

"Ishirini," alisema Mama Darubini. "Hazizidi ishirini."

Dada alimnyang'anya zile karatasi mbili, akamwacha amesimama, akaenda kukaa karibu na mdogo wake ili akizinduka amkute.