Usingizi wa Kwenye Gari Kubwa

Mzee aliyeingia kwenye ukumbi wa magari asubuhi ile alivaa suti ya kijivu iliyomkaa kama kazaliwa nayo. Muuzaji, dada ambaye wenzake walimwita Redio kwa kuongea bila kituo, akajua leo kapata mteja. Akampeleka moja kwa moja kwenye gari kubwa kuliko yote: safu tatu za viti, ngozi laini, paa la kioo, injini ya kupanda mlima bila kuhema.

Mzee hakuuliza habari ya injini. Alipitisha kidole kwenye mshono wa kiti.

"Aliyeshona hapa anaijua kazi," alisema. "Sasa niambie, mtu akilala huku nyuma, kwenye mashimo atatikisika?"

"Hili halina springi za chuma, mzee. Linakaa juu ya mifuko ya hewa. Kamera inaisoma barabara, gari linajiandaa kabla gurudumu halijaingia shimoni. Ukibonyeza hapa, linajishusha lenyewe ili mtu apande bila shida. Viti vinalala, vinapasha mgongo joto. Na vioo ni viwili viwili, kelele za nje zinabaki huko huko."

"Nataka kulijaribu. Tupitie hospitali."

Kwenye lango la hospitali alikuwapo bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, na nesi kando yake ameshika mfuko wa dawa. Bibi huyo alikuwa mke wa mzee. Nesi akamvuta Redio pembeni. Saratani ilikuwa imeingia kwenye uti wa mgongo, madaktari hawakuwa na la kuongeza, anarudishwa kwake. Siku alipoletwa kwa teksi alilia njia nzima.

Redio angeweza kukataa. Akabonyeza kitufe, gari likajishusha.

"Fundi," bibi alimwambia mumewe wakati wanamlaza, "umeiba gari la nani?"

"La huyu binti. Sema polepole, asije akasikia."

Lami ikaisha, yakaanza mashimo. Redio aliendesha kama amebeba mayai.

"Bado hatujafika pale pabaya?" bibi akauliza.

"Tumeshapapita."

Bibi akavuta pumzi ndefu, akalala mdomo wazi.

Walipofika nyumbani kwao, mzee aliomba wasimwamshe. Wakakaa humo ndani, injini inanguruma kwa mbali. Simu ya meneja iliita mara nne, Redio hakupokea.

"Binti yangu," mzee alisema, "mimi ni fundi cherehani. Hii suti nimeishona mwenyewe. Sina uwezo wa kununua hata gurudumu moja la gari hili."

"Nilijua tangu hospitali."

"Mbona hukutushusha?"

Redio alitazama usukani. "Angeamka."

Ilipita saa nzima. Bibi alizinduka mwenyewe, na majirani wawili walipomwinua kumpeleka ndani, kilio chake kilisikika mpaka barabarani.

Meneja hakufoka. Alimwambia tu aondoe vitu vyake mezani. Kuanzia kesho atakuwa stoo ya vipuri, wateja wa magari awasahau.

Ni huko stoo mzee alikomkuta baada ya siku kumi na moja.

"Mwenzangu ametutoka juzi," alisema. "Nimeona nije nikwambie mwenyewe."

"Pole sana, baba. Alipata kulala tena?"

"Kwa sindano. Usingizi wake mwenyewe, wa mwisho ulikuwa ule wa kwenye gari."

Mzee akatazama maboksi yaliyopangwa mpaka darini. "Wamekuleta huku kwa sababu yetu?"

"Hapana. Niliomba mwenyewe."

Hakuamini, na Redio aliliona hilo usoni pake. Walipeana mikono, mzee akatokea mlango wa nyuma, anatembea taratibu, hajui mikono aiweke wapi.

Mteja akagonga dirisha, anataka chujio la oili. Redio alijifuta uso kwa kiganja, akapanda ngazi kulitafuta.