Daktari Asiyemjua Mgonjwa Wake

Mama Rispa aliingia bila kubisha hodi, kuku kwapani, akamkuta Lorine ameinamia simu.

"Wewe ndiye daktari wa mawazo?"

"Mimi ni mshauri, Mama. Karibu kiti."

"Basi ni wewe. Hii kuku imetoka Homa Bay. Ni ya shukrani, kwa sababu ya kijana yangu, Nicholas."

Kuku ndiye aliyejibu.

Lorine alikuwa na shahada ambayo bado haijapauka, chumba kimoja juu ya duka la mbegu mjini Migori, na wateja watatu. Baba yake alikuwa amempa mpaka Desemba: chumba kisipojaa, akafundishe Uriri, ambako mwalimu mkuu ni rafiki wa nyumbani. Hapo ndipo binamu yake Pauline alipomfungulia ukurasa wa Facebook. Pauline alitaka maneno yafanane na yale mabango ya waganga yanayopigiliwa kwenye nguzo za stima: MTAALAMU AMEFIKA, MATOKEO SIKU TATU. Lorine akaandika, "Siahidi kuponya. Naahidi kusikiliza na kutunza siri." Wafuasi wakawa sitini na mmoja, arobaini kati yao wakiwa watu wa ukoo.

"Alikuwa halali usiku, hali chakula," Mama Rispa aliendelea. "Saa hii anakula mpaka ukoko wa ugali. Na ameniambia kwa mdomo wake, ni wewe."

"Nafurahi kusikia anakula, Mama. Lakini siwezi kusema kama namjua."

"Humjui?"

"Siwezi kusema hilo pia."

Mama Rispa akamgeukia Pauline, aliyekuwa dirishani akijifanya anapanga vitabu viwili. "Huyu ako sawa kweli?"

"Alizaliwa hivyo, Mama. Tumemzoea."

Pauline aliweza kufanya mzaha. Si yeye aliyekuwa ametoa ahadi. Kila mteja mpya, kabla hajasema lolote, Lorine humwahidi jambo moja dogo: tukikutana nje, sitakuwa wa kwanza kukusalimu. Ukinisalimu nitaitikia, ukinipita, nami nitakupita. Wengi huitikia tu kwa kichwa. Nicholas aliuliza mara mbili. "Hata mamangu akiwa hapo?" Lorine akamwambia, hata mama akiwa hapo.

"Sisi kanisani, ukitendewa mema unashuhudia," Mama Rispa alisema. "Ukinyamaza, baraka inaona haya, inarudi ilikotoka. Jumamosi tuko na mkutano wa akina mama, watu mia nne, na unaenda moja kwa moja kwa Facebook. Kuja. Nikisimama niseme ulichofanya, utakosa viti hapa."

Pauline nusura ambusu kuku.

"Nitakuja kuzungumza juu ya usingizi na mawazo," Lorine alisema. "Ushuhuda juu ya mtu yeyote, hapana. Tafadhali, Mama."

"Sawa, nyathina, mwanangu, sawa," alijibu Mama Rispa, kwa sauti ile ya kumkubalia mtoto anayekataa kuoga. Kuku naye alikataliwa kwa heshima, akarudishwa kwapani, na Mama Rispa akashuka ngazi akinung'unika kwamba wasomi ni watu wagumu.

Jumamosi, Homa Bay, hema lilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye nyasi. Lorine alizungumza vizuri kuliko alivyotarajia. Wanawake walicheka alipotaja mtu anayehesabu mabati ya paa hadi jogoo awike. Kila mmoja alijua yapo mangapi kwake. Kijana aliyekuwa akishughulikia spika, nyuma ya hema, hakucheka. Alikuwa Nicholas. Macho yao yalikutana mara moja tu, akainama upesi kwenye nyaya zake kama mtu aliyepoteza sarafu.

Kisha Mama Rispa akachukua kipaza sauti.

"Daktari, simama! Msalimie mgonjwa wako, yule pale, kijana yangu!"

Vichwa mia nne viligeuka nyuma, vikarudi mbele. Simu iliyokuwa ikirusha mkutano Facebook, iliyofungwa kwenye nguzo ya hema, ilimtazama Lorine bila kupepesa. Kule, mtu asiyekupa mkono ana mawili tu: ana kiburi, au ana jambo na wewe. Nicholas hakuinua kichwa. Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka masikioni.

Lorine akasimama. "Nawasalimu nyote kwa pamoja," alisema, na akakaa.

Minong'ono ikapita hemani.

"Daktari hamjui!" mmoja alipaza sauti.

"Hata mganga wa stendi anajua mteja wake!" akadakia mwingine, na hema zima likacheka.

"Rispa, ulitutolea wapi huyu?"

Mama Rispa alikaa polepole, uso umemshuka. Hakuna aliyemtazama tena Nicholas. Kule nyuma, mabega yake yalishuka kidogo kidogo.

Jumatatu kipande hicho cha video kilikuwa kimetazamwa na watu elfu tisa, kikiwa na kichwa: "Daktari Asiyemjua Mgonjwa Wake." Wateja wawili wapya waliokuwa wameahidi kuja walituma ujumbe kwamba wamepata udhuru. Baba alipiga simu kuuliza, kwa upole mwingi, kama Lorine bado ana vyeti vyake vya ualimu.

"Dada, neno moja tu," Pauline alimsihi. "Andika 'namjua.' Jamaa mwenyewe alimwambia mamake!"

"Alimwambia mamake, Pauline. Hakuwaambia watu elfu tisa."

"Na Desemba je?"

"Desemba itakuja tu."

"Itakuja na chaki mkononi."

Lorine akacheka, ingawa macho yalikuwa yanamwasha. Akachukua simu, akaandika chini ya kile kipande, kwa vidole viwili: "Asanteni kwa maoni. Siwezi kusema ni nani amewahi kuja kwangu, wala ni nani hajawahi." Akausoma ujumbe mara mbili, akautuma.